Ubani wa sala: ni moshi unaoomba, ao ni mtu?

Masomo ya kusoma mbele ya fundisho: Kutoka 30, Walawi 10 na 16, Hesabu 16, Zaburi 141, Isaya 1, Luka 1:5-25, Ufunuo 5 na 8.



Somo hili hatukulipanga. Tulikuwa tumekwisha kutayarisha somo juu ya kufunga, nalo litakuja baadaye Mungu akipenda. Lakini katika mojawapo ya parokia zetu kulitokea jambo lililotufanya sisi walimu tuweke kalamu chini na kuulizana: watu wetu tumewafundisha nini?

Mtoto wa mama mmoja, mtu wa sala asiyekosa kesha la Ijumaa, alishikwa na homa. Baba wa mtoto yuko mbali, anatafuta kazi katika machimbo. Nyumbani mulikuwa na falanga kidogo zilizowekwa kwa ajili ya dispansari. Mtu mmoja anayepitapita sokoni na kujiita mtumishi akamwambia mama huyo kwamba ugonjwa ule si wa dawa za wazungu. Akamuuzia pakiti ndogo ya ubani, akiuita ubani wa ukombozi, kwa bei iliyomaliza falanga zote. Akamwagiza afunge mlango na dirisha, atie ubani juu ya makala ya mbabula, wala asifungue mpaka moshi utakapokwisha, na afanye hivyo siku saba. Usiku wa tatu jirani akasikia mtoto akikohoa kama mtu anayezama katika maji. Wakagonga, wakafungua. Wazee walichanga, mtoto akapelekwa hospitali, akapimwa damu: ilikuwa malaria, na kifua chake kimekwisha kuumizwa na moshi. Leo mtoto ni mzima, tunamshukuru Mungu. Hata mama mwenyewe angeweza kufa, maana makala yanayowaka katika nyumba iliyofungwa hutoa hewa mbaya isiyo na harufu, ambayo humlaza mtu asiamke tena.

Mama huyo alipokaa mbele ya wazee, wao wakiwa na maneno mengi ya kumwambia, ndiye aliyeuliza: «Papa, si ninyi pia mnafukiza kwenye madhabahu? Si mlitufundisha kwamba ubani ni sala?»

Wazee walinyamaza. Alisema kweli, tulimfundisha hivyo, tena kwa maneno mafupi kama hayo, bila kueleza. Somo hili ni deni letu kwake.

JINA NA KITU CHENYEWE

Katika Biblia zetu za Kiswahili tunakuta maneno mawili, uvumba na ubani, na wengi wanayachanganya. Kwa Kiebrania yanatofautiana. Lebona ni utomvu mkavu wa mti, na jina hilo linatokana na weupe wake. Waarabu wanauita lubani, na kwa mdomo wao neno limeingia katika Kiswahili chetu. Ketoreti ni kitu kinachofukizwa, mchanganyiko uliotayarishwa kwa kipimo, na jina lake linatokana na moshi. Ubani basi ni kimoja tu kati ya vitu vinavyofanya uvumba wa hema.

Mti wa ubani hupenda nchi kavu yenye mawe. Unapatikana Somalia, Ethiopia, Eritrea na Sudani, na ng'ambo ya bahari huko Yemeni na Omani. Mvunaji huchanja gamba la mti kwa kisu kidogo, utomvu hutoka mweupe kama maziwa, na kisha hukauka kwa siku nyingi mpaka kuwa punje ngumu. Mvunaji hurudi, hukwangua punje, na kuchanja tena palepale. Mti uliochanjwa kupita kiasi hutoa mbegu dhaifu. Mwaka 2019 wataalamu waliochunguza aina moja ya mti huo, ile ya Ethiopia na nchi jirani, walitangaza kwamba miti michanga karibu haionekani tena, kwa sababu ya mifugo, mioto na uvunaji usio na kiasi, na kwamba mavuno ya ubani yanaweza kupungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Tunaandika haya ili msomaji ajue kwamba ubani wa kweli hutoka mbali na kwa taabu. Vumbi la mti lililotiwa marashi ya kiwanda linaweza pia kuuzwa sokoni kwa jina hilohilo, na mnunuzi asijue tofauti.

Misitu yetu ya Kongo nayo ina mti wake, ule mkubwa unaozaa matunda meusi kama zeituni, ambao wataalamu wanauita Canarium schweinfurthii. Utomvu wake unanukia vizuri, na wazee wetu waliufukiza na kuwashia mienge muda mrefu kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Kufukiza basi hatukuletewa na wageni. Lakini kwa sababu hiyohiyo tunapashwa kuwa waangalifu, maana mkono uliozoea kufukiza nyumba ili kufukuza wachawi unaweza kushika chetezo cha Kanisa na kuendelea na kazi yake ya zamani.

MADHABAHU NDOGO

Tufungue Kutoka 30. Mungu alimwagiza Musa madhabahu mbili. Ya shaba ilikuwa nje katika ua, kubwa, mahali pa damu na mafuta ya wanyama. Ya dhahabu ilikuwa ndani, na ilikuwa ndogo: dhiraa moja kwa dhiraa moja, na kwenda juu dhiraa mbili, yaani haifiki kifua cha mtu mzima. Ilitengenezwa kwa mti wa mshita ikafunikwa dhahabu. Ilisimama mbele ya pazia, na nyuma ya pazia lilikuwako sanduku la agano. Kila asubuhi kuhani alipotengeneza taa, na kila jioni alipoziwasha, alifukiza uvumba pale. Hakuna mnyama aliyechinjwa juu yake, wala divai haikumwagwa.

Moto wake ulitoka wapi? Walawi 16 inatujibu kwa habari ya siku ya upatanisho: kuhani mkuu alijaza chetezo makala ya moto kutoka madhabahu iliyo mbele za Bwana, akatia konzi mbili za uvumba uliosagwa sana, na wingu la moshi likafunika kiti cha rehema ili asife. Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, walikuja na moto mwingine ambao hawakuagizwa, nao wakafa palepale (Walawi 10). Walimu wa Kanisa wameliona jambo hili tangu zamani, nasi tunalikubali: moto wa uvumba hutoka mahali pa sadaka. Sala yetu haipandi kwa joto letu wenyewe, wala kwa kupiga kelele, wala kwa idadi ya siku tulizofunga. Inachukua moto kwenye msalaba wa Bwana Yesu. Ndiyo maana kila sala yetu tunaimaliza kwa jina lake.

Sasa tuangalie mchanganyiko wenyewe. Vilikuwa vitu vinne kwa kipimo sawasawa, pamoja na chumvi: natafi, shekelethi, kelbena na ubani safi. Msomaji anaweza kufikiri vyote vilinukia vizuri. Sivyo. Kelbena ni utomvu wenye harufu kali ambayo watu wengi hawaipendi. Walimu wa Wayahudi wa kale walijiuliza kwa nini Mungu aliiweka humo, wakafundisha kwamba mkusanyiko wa kufunga usio na wenye dhambi ndani yake si mkusanyiko kamili, kwa maana hata kitu kile kibaya cha harufu kilihesabiwa kati ya manukato. Wale wanaotaka kwamba binti fulani aliyeanguka asikanyage tena kwenye kesha, wasome mstari huu mara mbili.

Mwisho wa sura kuna katazo ambalo yule muuzaji wa sokoni hakumwonyesha mama. Mungu alikataza mtu ye yote kujitengenezea uvumba wa namna ile kwa ajili ya kujinusia mwenyewe, na adhabu yake ilikuwa kukatiliwa mbali na watu wake. Uvumba ule ulikuwa wa hema, wa watu wote pamoja, mbele ya Mungu mmoja. Haukukatwa vipande na kutiwa katika pakiti ili kila mtu awe na wake wa bahati.

Tena kuna jambo dogo katika Walawi 5:11 ambalo wasomaji wengi hupita bila kuliona. Maskini aliyetenda dhambi, asiyeweza kununua hata njiwa wawili, aliruhusiwa kuleta unga kidogo. Lakini juu ya unga huo hakuna mafuta, wala ubani. Yule anayekuja kuungama anakuja jinsi alivyo, bila kitu cha kuficha harufu yake. Mlango wa rehema kwa mtu maskini ulifunguliwa bila punje moja ya ubani! Mama yetu, aliyemaliza falanga za dawa, angelijua neno hili asingelitozwa.

MTU ASIYE NA KITU MKONONI

Zaburi 141 ndiyo inayotajwa kila mara watu wanaposema ubani ni sala. Mwenye zaburi anaomba sala yake ipokelewe mbele za Mungu kama uvumba, na kuinua mikono yake kuwe kama sadaka ya jioni. Angalieni vizuri neno «kama». Mtu huyu hana uvumba. Hana sadaka. Jioni imefika, na yeye ana mikono mitupu tu ya kuinua. Kama moshi ungekuwa ndio sala, angebaki bila sala. Badala yake anamwambia Mungu: mikono hii ihesabu kuwa ndiyo.

Halafu ombi lake la kwanza baada ya hapo ni nini? Haombi adui zake waanguke, hilo linakuja nyuma. Anaomba mlinzi mbele ya kinywa chake. Kisha anakubali kupigwa na kukemewa na mwenye haki. Tumehudhuria makesha ambamo moshi ulikuwa mwingi, na asubuhi yake, kabla jua halijapanda, masengenyo yalikuwa yamekwisha kufika hata upande wa pili wa mji.

HARUNI ALIKIMBIA

Hapa tunataka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo wauza ubani wanaposimama. Wanasema: Katika Hesabu 16 tauni ilikomeshwa kwa ubani, basi ubani ni dawa ya tauni. Tusome sura yote, si mistari mitatu.

Siku ya kwanza, watu 250, wakuu wa mkutano, watu wenye sifa, walisimama pamoja na Kora, kila mmoja na chetezo chake, na moto ndani yake, na uvumba juu yake. Moto ukatoka kwa Bwana ukawala. Vyetezo vyao vilifuliwa kuwa mabamba ya kufunika madhabahu, ili watu wasisahau.

Siku ya pili mkutano wote ukanung'unika juu ya Musa na Haruni, wakisema hao wawili ndio waliowaua watu wa Bwana. Tauni ikaanza. Musa akamwambia Haruni atie moto wa madhabahu na uvumba katika chetezo na kwenda upesi kati ya watu. Na Haruni akakimbia. Tusipite neno hili haraka: Haruni alikuwa mzee, maana Kutoka 7 inasema alikuwa na miaka 83 siku aliposimama mbele ya Farao, na sasa ni baada ya hapo. Tena alikuwa kuhani mkuu, ambaye sheria ilimkataza kukaribia maiti hata ya baba yake. Akakimbia hivyohivyo, na kanzu zake takatifu, mpaka mahali watu walipokuwa wanaanguka. Akasimama katikati ya wafu na walio hai, na tauni ikazuiwa. Wakahesabiwa waliokufa: 14,700.

Uvumba wa siku ya kwanza na uvumba wa siku ya pili ni uleule. Makala ni yaleyale. Kama nguvu ingekuwa katika moshi, vyetezo 250 vingefanya kazi zaidi kuliko kimoja. Lakini wale walifukiza ili wapande juu, wapate cheo. Huyu alitumwa afukize ili watu wasife, na watu wenyewe ni wale waliokuwa wakimtukana asubuhi ile. Hapo ndipo uvumba ulikuwa sala kweli: mtu aliyeacha mahali pake pa usalama akasimama kati ya mgonjwa na kifo, akiwaombea hata wasiompenda. Hakujifungia ndani na moshi wake. Alitoka nje.

Sisi wa nchi hii, hasa wa Mashariki, tunajua maana ya kuhesabu wafu. Tumezika kwa vita, tumezika kwa kolera na kwa Ebola. Tunawajua wauguzi, wachungaji na wamama wa jirani waliosimama pale aliposimama Haruni, na wengine hawakurudi. Ndugu zetu wa pwani, Tanzania na Kenya, wana desturi nzuri ya lugha: fedha wanazochanga kwa wafiwa wanaziita ubani. Mtu anasema, nimekwenda kutoa ubani, na hakubeba punje yo yote, amebeba msaada. Wazee wale waliochanga falanga za hospitali usiku ule walitoa ubani namna hiyo, ingawa hawakujua neno hilo.

WAKRISTO WALIOUKATAA UBANI

Wengine watashangaa kusikia kwamba Wakristo wa kwanza, kwa muda wa miaka karibu 300, hawakufukiza ubani katika ibada, na wengine waliuchukia. Sababu yake ilikuwa nzito. Katika ufalme wa Roma punje chache za ubani zilizotupwa motoni mbele ya sanamu ya mfalme zilikuwa alama ya kumwabudu. Karibu na mwaka 112 liwali Plinio alimwandikia mfalme Traiano kwamba anawaachilia walioshitakiwa kuwa Wakristo wakikubali kutoa ubani na divai mbele ya sanamu yake na kumtukana Kristo. Mwaka 250 mfalme Desio aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu na kupata karatasi ya ushuhuda. Karatasi kadhaa za namna hiyo zimechimbuliwa Misri, tunaweza kuzisoma hata leo. Katika Kanisa la Kartago, katika Afrika yetu hii upande wa kaskazini, wale waliotupa punje motoni kwa kuogopa walipewa jina la aibu, «waliofukiza». Wengine walitoa rushwa wapate karatasi bila kufukiza. Askofu Sipriano alisumbuka sana jinsi ya kuwarudisha waliotubu, na yeye mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Mwafrika mwingine wa mji huohuo, Tertuliano, aliyeandika karibu na mwaka 200, aliwajibu wapagani waliolalamika kwamba Wakristo wanaharibu biashara kwa kutonunua ubani. Aliwaambia kwamba wauzaji wa Arabia wasihuzunike, maana Wakristo wanatumia manukato mengi zaidi kuzika wafu wao kuliko wapagani kufukizia miungu yao. Tunampenda mzee huyu kwa jibu hilo. Kitu kilichokataliwa mbele ya sanamu, kilikubaliwa kando ya maiti ya ndugu.

Mateso yalipokwisha, baada ya mwaka 313, ubani uliingia polepole katika ibada. Mwanamke mmoja msafiri, jina lake Egeria, alifika Yerusalemu kati ya mwaka 381 na 384 na kuandika alichoona. Siku ya Bwana alfajiri, baada ya zaburi na sala, vyetezo viliingizwa katika pango la kaburi la Bwana mpaka kanisa lote likajaa harufu nzuri, ndipo askofu akasoma Injili ya ufufuko. Tukikumbuka wale wamama waliokwenda kaburini alfajiri na manukato yao (Marko 16), tunaelewa mara moja harufu hiyo ilikuwa inasema nini. Tangu hapo Makanisa ya Mashariki, Waethiopia na chetezo chao chenye njuga, Wakatoliki, na katika Afrika Magharibi Kanisa la Celestial lililoanzishwa na nabii Samuel Oshoffa huko Porto-Novo mwaka 1947, wote wanafukiza. Waprotestanti wengi hawafukizi. Hatutaki mabishano nao. Wasiofukiza wana sababu iliyolipwa kwa damu, na wanaofukiza wana Maandiko yao.

MIKONO YENYE DAMU

Nabii Isaya, katika sura yake ya kwanza, anasema jambo linalotisha: Mungu mwenyewe, aliyeagiza uvumba, anasema umekuwa chukizo kwake, na hata watu wakizidisha sala hatasikia, kwa sababu mikono yao imejaa damu. Anachotaka ni waache kutenda mabaya, wamtetee yatima na mjane. Na katika 2 Wafalme 18 tunasoma kwamba mfalme Hezekia alivunja vipande ile nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa kwa agizo la Mungu, kwa kuwa watu walikuwa wanaifukizia uvumba. Kitu kitakatifu kilichowaponya baba zao kiligeuka sanamu mikononi mwa wajukuu. Kama jambo hilo liliwezekana kwa nyoka ya Musa, linawezekana kwa chetezo chetu, kwa maji yetu ya baraka, hata kwa kanzu zetu nyeupe.

Kila mwenye kushika chetezo katika parokia zetu anapashwa kujiuliza mbele ya kukishika: nimekosana na nani? Kiwanja cha mjane kiko kwa nani? Mshahara wa mtumishi wa nyumbani umelipwa? Hatusemi haya kwa kupamba somo. Tunajua parokia ambako kuhani na shemasi wake hawasalimiani tangu Pasaka, na kila siku ya ibada wanapokezana chetezo.

WALIOKUWA NJE, NA YULE ALIYEKUWA NDANI

Luka anaanza Injili yake ndani ya moshi wa uvumba. Kuhani Zakaria alipata kura ya kufukiza, na kwa desturi ya Wayahudi kuhani aliyekwisha kupata kura hiyo hakuipiga tena. Ilikuwa siku moja katika maisha yake yote. Yeye alikuwa ndani, na mkutano wote ulikuwa nje unaomba saa ileile. Hawakuuona moshi karibu, pengine hata harufu haikuwafikia wote. Lakini Luka anawataja, kwa sababu kazi ilikuwa moja: ndani uvumba, nje sala, na kimoja bila kingine hakitoshi.

Malaika alipomtokea, alimwambia nini? Kwamba dua yake imesikiwa. Hakumwambia kwamba uvumba wake umekubaliwa. Dua ile ya kupata mtoto, waliyoomba yeye na Elisabeti miaka mingi mpaka wakazeeka, ilikuwa imefika. Na Zakaria, akiwa amesimama ndani ya moshi mtakatifu, kando ya madhabahu ya dhahabu, hakusadiki! Akatoka bubu. Tunamshukuru Luka kwa kutoficha jambo hili, maana linatufundisha kwamba mtu anaweza kuwa na moshi puani na mashaka moyoni, na Mungu akatimiza neno lake kwa rehema.

Katika Ufunuo, Yohana anaona mara mbili. Katika sura ya 5 wazee wanashika vitasa vya dhahabu vilivyojaa uvumba, na tunaelezwa kwamba ndio maombi ya watakatifu. Katika sura ya 8 jambo ni tofauti kidogo: malaika anapewa uvumba mwingi autie pamoja na maombi ya watakatifu wote. Uvumba huu hautoki kwa watu. Amepewa, na anauongeza. Sala zetu zinapanda zikiwa dhaifu, zimekatika katikati, nyingine ni kilio tu kisicho na maneno, na huko juu zinaongezewa kitu zisichokuwa nacho. Paulo anasema jambo la karibu na hilo katika Warumi 8, kwamba Roho hutusaidia kwa maana hatujui kuomba itupasavyo. Basi sala ya mama aliyelia usiku ule juu ya mtoto wake, hatusemi kwamba haikupanda. Ilipanda. Pengine ndiyo iliyomwamsha jirani.

YALE TULIYOPATANA

Kwa sababu hiyo walimu na wazee wamepatana haya, na tunaomba yasomwe katika parokia zote. Ubani utaendelea kufukizwa kwenye madhabahu siku za ibada kuu, milango ikiwa wazi, na wenye pumu na watoto wachanga wakae karibu na mlango bila kuonewa haya. Hakuna mtumishi wa Kanisa atakayeuza ubani, wala kuutoa kwa malipo, wala kumwagiza mtu aufukize nyumbani kwa ajili ya ugonjwa. Mgonjwa apelekwe kwanza mahali pa kupimwa, na siku hiyohiyo wazee wamwendee kwa sala, kama Yakobo 5 inavyoagiza. Hatukusoma popote kwamba sala inakatazwa kukaa pamoja na kinini.

Mama wetu yuko pamoja nasi kwenye kesha, hakuwekwa pembeni. Juzi alileta ile pakiti, imebaki karibu nusu, akaiweka juu ya meza ya wazee. Mzee mmoja anasema itupwe katika choo, kwa kuwa ni chombo cha uongo. Mwingine anasema utomvu hauna kosa, utiwe katika chetezo cha madhabahu. Wa tatu anasema umelipiwa kwa falanga za mtoto mgonjwa, na kitu cha namna hiyo hakifai mbele za Bwana. Bado iko mezani. Kila kikundi cha masomo kisome tena Hesabu 16:36-40, habari ya vile vyetezo vilivyofuliwa kuwa mabamba, kisha kituandikie kinaona namna gani.